Fundi Anajibu: Mama hawezi kuinama, hodhi lake niliwekee kizibo gani?

SWALI

Shikamoo mjomba. Mimi msomaji wako wa hapa hapa Tanga, Sahare, naomba unisaidie maana nimechanganyikiwa kabisa. Tunamkarabatia mama bafu lake, ana miaka 71, magoti yanamsumbua na mgongo nao siku hizi haukunjiki, na kitu anachokipenda ni kukaa kwenye maji ya vuguvugu usiku kabla ya kulala, anasema ndo anapata usingizi. Basi tumenunua hodhi la kuogea la akriliki (huku mtaani wanaliita jakuzi hata kama halitoi povu) na kaka angu aliyeko Marekani kampa mtu aliyekuja likizo boksi zima la vifaa vya kutolea maji, westi ya chini (ile ya tundu la kutolea maji) na lile la tundu la juu, rangi ya dhahabu, vizuri mno. Fundi kavijaribu, vinashika kidogo halafu vinagoma. Nikaenda madukani, duka moja wananiambia chukua vya kromu vya kubonyeza, lingine wanasema chukua kizibo cha mpira na cheni yake yaishe, na fundi wangu sasa anasema lile tundu la juu halina kazi tulizibe na silikoni tuendelee na marumaru. Bafu liko ghorofani, chini yake ni sebule. Nifanyeje?
Mama Wawili, Sahare

JIBU

Marahaba mwanangu, na mama mpe salamu zangu. Kabla ya yote naomba unyanyue simu sasa hivi umwambie fundi asizibe hilo tundu. Mengine tutazungumza taratibu ila hilo lisingoje.

Lile tundu la juu, sisi tunaliita ovaflo, ndilo linaloamua kama maji yataishia kwenye bomba au yataishia sebuleni kwa mama. Mtu anafungua bomba, simu inaita, mjukuu analia, anasahau. Maji yakifika kwenye lile tundu yanaingia, yanashuka na kibomba kilichojificha nyuma ya hodhi, yanakutana na bomba la westi ya chini kisha yanatoka pamoja. Ukiliziba maji yanapanda mpaka ukingoni, na ukingo ukishapita hodhi linamwaga pande zote. Hodhi la kawaida lina lita kama 150 mpaka 200, yaani ndoo 8 mpaka 10 zile kubwa, zote ziko juu ya dari ya sebule.

Nakwambia hivi kwa uchungu kwa sababu nimeyaona. Niliitwa nyumba moja ya ghorofa hapa mjini, dari ya gipsamu ya chumba cha kulia imeshuka na taa yake, mama mwenye nyumba anaapa hakuna aliyesahau bomba wazi, na alikuwa anasema kweli. Tulivunja marumaru pembeni ya hodhi maana lilikuwa limejengewa tofali pande zote bila hata kitundu cha kuchungulia, nikaingiza tochi na mkono. Gasketi ya ovaflo, ule mpira unaokaa kati ya ukuta wa hodhi na elbo ya nyuma (kile kiungo cha kona), ilikuwa imewekwa kichwa chini miguu juu. Zile gasketi nyingi hazina unene sawa, upande mmoja mnene mwingine mwembamba kwa sababu ukuta wa hodhi umelala kidogo, haujasimama wima, na kwa kawaida upande mnene ndo unakaa chini. Fundi aliyeifunga aliugeuza, pakabaki mwanya ambao ukucha ungeweza kupita. Kila siku mtu akioga maji yakigusa pale yanatoka kijiko, kesho kijiko, miezi mingapi sijui, mchanga wa chini ya hodhi ulikuwa umelowa mpaka unanuka kama kisima cha zamani. Kitu cha bei ya soda kimeangusha dari ya watu.

Kwa hiyo mwanangu ukienda dukani usianze na kile kinachong'aa, uliza kwanza gasketi ikoje na elbo ya nyuma ikoje. Mpira uwe mnene, laini, ukiubonyeza unarudi. Ukiwa mkavu unakatika kama mkate wa jana achana nao hata kama kromu yake unajiona sura.

Sasa boksi la kaka yako. Fundi wako hakosei na kaka naye hakukosea kwa nia, tatizo ni meno, yaani ile mikato ya kuzungushia kama ya skrubu. Vifaa vya kutolea maji vya Marekani na vile vya mtindo wa Uingereza, ambao ndo tumezoea huku, vyote unaambiwa ni inchi moja na nusu, ukiviweka mezani unaona mapacha, lakini meno ya Uingereza ni 11 kwa kila inchi na ya Marekani ni 11 na nusu, na westi zingine za mahodhi yao zina meno madogo zaidi, 16 kwa inchi. Ndo maana vinashika mizunguko miwili mitatu halafu vinakaza. Fundi mwenye haraka atazungusha tepu nyeupe nyingi aweke spana avute, kitaingia kweli, lakini kitakuwa kimeingia kwa kung'atana na kitavuja tu, ama akriliki ipasuke. Usikubali. Hata bomba lenyewe la plastiki la Marekani la inchi moja na nusu nje lina kama milimita 48, sasa ulizie bomba ulilonalo ukutani ni la kipimo gani kabla mtu hajaanza kupaka gundi, maana gundi haizibi tofauti ya milimita.

Kama unataka kutumia zawadi ya kaka, itumie yote kwa pamoja kama ilivyotoka kwenye boksi, westi, elbo, tii (kiungo cha njia tatu), nati na mipira yake, mpaka pale inapokutana na bomba letu, na pale pakutania ndo utafute kiungo cha mpira kinachobanwa na bendi za chuma kisichoshika kutu, hicho kinasamehe tofauti ndogo ya vipimo. Usichanganye nusu ya kwao na nusu ya kwetu kwa kufunga meno kwa meno. Lakini kabla hujafika huko jibu swali moja: kizibo chake kinafunguliwaje? Maana hapa nataka tumfikirie mama, si sebule tu.

Vizibo vya hodhi viko vya aina nyingi. Kile cha mpira na cheni ni kitu kizuri kuliko watu wanavyokidharau, hakina springi, hakina waya, kikiisha unanunua kingine popote hata Pongwe. Shida yake kwa mama ni kwamba akishamaliza lazima ajipinde mbele autafute mnyororo ndani ya maji yenye povu. Kile cha kuinua na kuzungusha, unakishika kichwa unakinyanyua unakigeuza, mwili wake rahisi sana na hakiharibiki ovyo, ila kinataka vidole vyenye nguvu na vinavyoshika vizuri kitu chenye sabuni, mtu mwenye viungo vinavyouma atakichukia siku ya pili. Kuna kile cha swichi ya kupandisha na kushusha hapo kwenye ovaflo, chenyewe kizibo hukioni, kuna kipande kizito ndani ya kibomba cha nyuma kinapanda na kushuka. Raha yake hakuna kitu cha kujikwaa chini, ubaya wake nywele zinajizungusha humo ndani na siku kikikwama unavuta fimbo yote nje na kuirudishia kipimo chake ni kazi ya subira. Cha kuzungusha kitasa kwenye ovaflo chenyewe kinavuta waya, kama waya wa breki ya baiskeli, kinapendeza sana lakini mimi kwa nyumba ya karibu na bahari nakisita, hewa yetu ya chumvi waya ukishaanza kutu unakuwa mgumu, na spea ya waya ule kuipata hapa ni mpaka uagizie.

Kwa mama yako mimi ningechukua kile cha kubonyeza kwa mguu. Sikiliza kwa nini. Mtu mzima mwenye magoti hatakiwi kusimama ndani ya hodhi lenye maji ili aanze kuyatoa, hapo ndo watu wanateleza. Anatakiwa atoe maji akiwa amekaa, asubiri yaishe, ajifute miguu, ndo ashike mhimili wa ukutani anyanyuke. Akiwa amekaa ameegemea, kitu kilicho karibu na kizibo ni kidole gumba cha mguu. Anabonyeza mara moja kinapanda, maji yanaenda, yeye ametulia zake. Kubonyeza tena kinafunga. Hainami mtu wala hakivutwi kitu.

Kasoro yake ni springi iliyo ndani, inachoka. Kwa hiyo dukani mwambie muuzaji akufungulie mbele yako, kile kichwa kifunguke kwa mkono, na ile roho ya ndani yenye springi itoke kwa kuzungusha bila kugusa westi iliyobanwa kwenye hodhi. Kama inatoka hivyo nunua, na nunua roho mbili, moja uweke kabatini. Kama kimeunganishwa kizima kizima usinunue, maana siku springi ikifa utang'oa westi nzima na mpira wake. Na kabla hujaondoka dukani kibonyeze kwa kidole gumba cha mguu wako, vua kiatu, watu wakicheka wacheke. Kikiwa kigumu kwako kitakuwa kigumu zaidi kwa mama.

Nyinyi wa Sahare na Raskazone bahari iko mlangoni, kwa hiyo nisemee kidogo habari ya madini. Kitu kikipakwa kromu huwezi kujua kwa macho ndani ni nini. Geuza, angalia sehemu ya ndani au mwisho wa meno ambapo kromu haikufika, ukiona njano ni brasi, ukiona kijivu cha risasi risasi hiyo ni zinki, na zinki huku kwetu inatoka malengelenge chini ya kromu, inaanza vidoti vidoti halafu inabanduka maganda. Kwa sehemu inayoonekana na kukanyagwa chukua brasi. Kwa zile elbo na mabomba ya nyuma plastiki nzuri nene haina ubaya wowote, tena mimi naipenda kuliko bati jembamba la kromu, plastiki haijui chumvi. Usisahau skrubu mbili zinazoshika sahani ya ovaflo, wengi wanaweka brasi nzuri halafu skrubu za chuma cha kawaida, baada ya mwaka machozi ya kutu yanashuka kwenye hodhi jeupe na skrubu haifunguki tena. Nenda na kasumaku kadogo, skrubu ikirukia kwa nguvu irudishe.

Na ile rangi ya dhahabu ya kaka? Kama ni rangi ya kupakwa tu juu itavuliwa na sabuni na msasa wa kusugulia. Muulize kaka kabla, kama hana uhakika kwa mama weka ya kromu.

Chini ya hodhi kuna jambo jingine ambalo naliona kila mahali. Mahodhi mengi yanauzwa na mpira wa kukunjakunja kama wa mashine ya kufulia, fundi anauchomeka moja kwa moja kwenye bomba la sakafuni, anaziba mdomo na silikoni, amemaliza. Pale hamna trapu! Trapu ni ule mkunjo unaobaki na maji muda wote, yale maji yaliyosimama, kina cha milimita 50 hivi, ndo mlango unaozuia harufu ya shimo na mende wasipande. Halafu yale makunjo ya mpira yanashika nywele na mabaki ya sabuni. Weka trapu ya kweli, bomba lililo laini ndani, inchi moja na nusu isipungue, na mteremko wa kama sentimita 2 mpaka 2 na nusu kwa kila mita moja. Ovaflo iunganishwe kabla ya trapu, kwa hiyo trapu moja inatosha zote mbili.

Akriliki haipendi kubanwa. Nati ya westi ifungwe kwa mkono halafu spana robo mzunguko, uone mpira umeanza kutokeza kidogo, basi. Na hodhi lenyewe likae imara, miguu yote iguse, maana likiwa linabonyea mama akiingia, kila akikaa ile westi inavutwa na siku itaachia. Silikoni ya kati ya hodhi na ukuta ipakwe hodhi likiwa na maji, lishuke kwanza kwa uzito wake, likauke humo humo, vinginevyo mama akiingia tu silikoni inachanika.

Sasa kabla ya tofali na marumaru yoyote, jaribio. Kaa mwenyewe uone, usitegemee neno la fundi. Funga kizibo, jaza mpaka maji yaanze kuingia kwenye ovaflo, kisha acha bomba wazi kabisa dakika 5, la moto na la baridi kwa pamoja, na kama mna pampu iwashwe. Angalia usawa wa maji. Ukitulia pale pale kwenye tundu, ovaflo inamudu. Ukiendelea kupanda, ovaflo imezidiwa na bomba lako na hiyo ni kawaida kwa nyingi, kwa hiyo utapunguza valvu ya kuingilia chini ya bomba mpaka usawa usimame. Baadaye funga bomba, weka karatasi kavu ya chooni chini ya kila kiungo, mulika tochi nyuma ya elbo ya ovaflo, fungua kizibo maji yote yatoke kwa mkupuo, angalia karatasi. Tone moja linaonekana kwenye karatasi vizuri kuliko kwenye vidole. Likiwepo, fungua rudia.

Halafu uachwe mlango. Pale upande wa westi fundi aache dirisha ambalo mkono na kichwa vinaingia, marumaru yake ishikwe na silikoni vidoti vinne tu isipakwe simenti, ama uweke kibao kinachotoka. Fundi atakwambia kinaharibu sura. Mwambie mjomba wa gazetini kakataa.

SWALI

Mjomba habari yako yakhe, kuna kifuniko cha mpira kinauzwa mtandaoni unakibandika juu ya tundu la ovaflo ili maji yawe mengi mtu azame mpaka mabegani. Mke wangu anakitaka. Kina madhara? Tuna watoto wawili wadogo.
Baba wa Makorora

JIBU

Salama ndugu yangu. Vile ambavyo vina kitundu chao juu vinapandisha usawa kwa sentimita chache, maji yakizidi bado yanapata pa kupita. Mkeo akiwa ndani ya maji na bomba limefungwa, na hodhi liko chini si ghorofani, aweke, lakini akitoka kitoke naye na kikae juu ya kabati. Ambacho hakina tundu kabisa usikiingize nyumbani. Na kwa sababu umetaja watoto ngoja niseme wazi, mtoto mdogo anazama hata kwenye maji ya kina cha sentimita chache, hahitaji hodhi lijae, na anazama kimya bila kupiga kelele. Usimwache hata ukasema naenda kuchukua taulo tu. Ukienda naye aende, amelowa hivyo hivyo.

SWALI

Shikamoo. Nina nyumba ya wageni Bagamoyo, vyumba viwili vina mahodhi, nikikaa wiki tatu bila mgeni nikifungua mlango harufu inanipokea. Nimemwaga dawa za kila aina, kile tundu cha juu nacho kinanuka. Pia kuna ukoko mweupe kwenye kizibo.
Dada wa Dunda

JIBU

Marahaba dada. Harufu zako ni mbili, hazina mama mmoja. Ya kwanza ni trapu imekauka, maji yamepotea hewani na mlango umebaki wazi. Kila baada ya wiki mbili mtu apite na nusu ndoo kila chumba, ya kwenye hodhi na ya gali, lile tundu la kutolea maji la sakafuni, inatosha. Ya pili ni ya ovaflo yenyewe, mle ndani kuna utelezi wa sabuni na jasho la watu ambao haujawahi kusuguliwa tangu siku limefungwa, maana maji yanapita mara moja moja tu. Fungua sahani yake, ingiza brashi ndefu nyembamba ile ya kusugulia chupa, kisha mimina maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, yasichemke maana plastiki inalegea, changanya na magadi kidogo. Rudia kesho yake utaona uchafu mweusi unatoka.

Ule ukoko mweupe ni chokaa, ukitumia maji ya kisima pwani hii ya matumbawe utaupata tu. Kamua ndimu kwenye kitambaa, zungushia kizibo dakika 10, suuza kwa maji mengi. Usiache usiku kucha, tindikali ikikaa sana inakula kromu. Na mpira wa chini ya kizibo ufute pia, chokaa ikikaa pale kizibo hakishiki, mgeni anajaza maji akirudi anakuta hodhi tupu na tenki lako limeisha.